Kamba ya Mguu wa Kushoto

Fundi hakutumia futi ya kupimia. Alitumia kamba. Kila mteja alikuwa na yake, uzi mnene wa katani aliouzungusha mabegani, kifuani na kiunoni, na kila kipimo akakitia fundo. Kamba hizo zilining'inia kwenye misumari ukutani nyuma yake, pale barazani chini ya kilima cha Ediofe, na hakuna hata moja iliyoandikwa jina. Ukifika alikutazama usoni, akanyoosha mkono nyuma bila kugeuka, akashika ya kwako.

Yangu aliifunga nilipokuwa msichana wa sekondari nikihitaji sketi ya shule. Miaka ilivyopita aliongeza mafundo, hakubadilisha kamba. Ukimlalamikia kwamba gauni linabana alikuwa na jibu moja kwa watu wote, awe mke wa karani au mtawa wa misheni.

"Kamba haisemi uongo," alisema. "Wewe ndiyo umekula."

Mteja akifa, au akimkosea kwa namna asiyoweza kuimeza, alifungua mafundo yote ya kamba yake, akainyoosha na kuitumia kufungia vitambaa. Nilimwona akifungua ya mwalimu mkuu mmoja aliyesema mbele ya wanafunzi wake kwamba kazi ya Fundi ni nzuri ukizingatia hali yake. Alimaliza sare zote, akazikunja, akamkabidhi, akamwambia asante. Mwalimu alipogeuka tu, akashusha kamba yake na kuanza kufungua, fundo moja baada ya jingine, kwa meno.

Mguu wake wa kulia ulikuwa mwembamba na haukufanya kazi. Aliuinua kwa mkono na kuuweka mahali alipotaka ukae, kama mtu anayemweka paka. Wa kushoto ulikuwa mnene, mgumu, na kwa huo peke yake alikanyaga cherehani kutwa nzima. Mafundi wengine wa mstari ule walikanyaga kwa miguu miwili, na bado shule zilipokaribia kufunguliwa walikuwa nyuma yake.

"Hii ndiyo bwana yangu," alisema akiupiga kofi mguu wa kushoto. "Hainywi pombe, haiulizi mimi natoka wapi."

Kuhusu ule wa kulia alisema maneno machache, na kila mara yalikuwa yale yale. Alikuwa mtoto wa miaka sita hivi. "Homa iliingia jioni, mimi nakimbiza kuku. Asubuhi ikatoka. Ikatoka na mguu."

Mimi ni mtu wa njia. Nimeuza nguo za mitumba tangu nilipomaliza shule, na sijalala mahali pamoja miezi sita mfululizo: Arua, Koboko, ng'ambo ya mpaka upande wa Kongo, ng'ambo ya mpaka upande wa Sudani, kisha Arua tena. Nguo zilizochanika nilimpelekea Fundi. Kwa hiyo sikumjua kama jirani anavyomjua jirani, siku kwa siku. Nilimjua kwa vipande, na kati ya kipande na kipande nilimkumbuka sana. Nikiwa mbali, nikilala katika nyumba za kukodi zenye harufu ya mafuta ya taa, nilichokikumbuka kwetu hakikuwa nyumba ya mama yangu. Nilikumbuka ile baraza, kengele ya kanisa kuu ikigonga saa sita, na Fundi akiinua mguu kwenye pedali mpaka kengele imalize.

Hakupenda kusaidiwa, na hakupenda asiposaidiwa. Ukimshikia gongo lake alipokuwa akisimama alikuuliza kama umeambiwa ni la kuuzwa. Usipomshikia, alizungumza na ukuta. "Ukuta, unaona watu? Wanangoja mimi nianguke wapate habari ya kupeleka sokoni." Jumapili alikaa kanisani kwenye benchi la nyuma karibu na mlango, akaimba kuliko wote, na Jumatatu aliwatukana wateja kwa sauti ile ile. Alisema ndoa ni ugonjwa, lakini kila gauni la harusi alilolishona, shela yake alianza kuivaa mwenyewe. Alisema anaangalia kama inakaa vizuri. Alikaa nayo kichwani akishona pindo, wakati mwingine saa nzima.

Palikuwa na seremala mmoja. Kwa miaka minne alikuja kwake kwa mlango wa nyuma, na wakapata mtoto ambaye hakufika kutambaa. Mwaka wa tano seremala akaoa msichana wa Dranya, akamleta kwa mlango wa mbele apimwe gauni. Fundi alimpima, akamfungia kamba, akamshonea. Mimi niliona gauni lile. Lilikuwa zuri mno.

"Kwa nini hukulikosea hata kidogo?" nilimuuliza.

"Ningelikosea watu wangejua."

Basi mtu wa namna hiyo, mimi nilidhani hana anachokiogopa.

Alasiri moja ya kiangazi nilifika na fungu la mashati. Alikuwa anashona, tunaongea, ananiambia kwamba nimeanza kunuka kama lori. Ghafla cherehani ikanyamaza. Nilimtazama. Shingo na uso vilikuwa vimelowa kana kwamba amemwagiwa kata ya maji, na macho yake yalikuwa mahali ambapo mimi sikuwepo. Alikuwa ameinama chini ya meza, ameshika mguu wa kushoto kwa mikono miwili, juu ya kifundo na chini ya goti, kama mtu aliyeshika kuku anayetaka kuruka. Hakupiga kelele. Midomo ilikuwa inakwenda tu. Kadiri nilivyoweza kusikia alikuwa anasema, "Siyo hii. Siyo hii."

Ikapita. Akajipangusa kwa kipande cha bitana, akakanyaga tena.

"Umemeza dawa ya malaria?" nikamuuliza.

"Nimemeza mpaka masikio inalia."

Nikaketi kuyapanga mashati. Nilipokuwa nimekaa hivyo niliona ukutani kamba iliyoning'inia peke yake, mbali na nyingine, fupi, yenye fundo moja.

"Ile ya mtoto wa nani?"

"Ya mguu," akasema.

Ndipo nilipojua. Kwa miezi mingi joto lile lilikuwa linamjia bila kupiga hodi, mchana na usiku, linaanzia kifuani na kupanda mpaka utosini. Homa ya kwanza maishani mwake ilimchukulia mguu mmoja. Sasa homa ilikuwa imerudi, na yeye alijua imefuata nini. Kwa hiyo kila asubuhi, kabla ya kufungua baraza, alizungusha kamba kwenye shavu la mguu wa kushoto na kuangalia kama bado inafika kwenye fundo.

Nilicheka. Sitafuti maneno ya kuliremba hilo. Nilicheka kwa sababu nilifurahi. Nilidhani nina jibu mfukoni na nitamwokoa kwa sentensi moja.

"Fundi, hiyo siyo homa. Mwezi wako unakuja bado?"

"Imesimama. Toka mvua ya mwaka jana."

"Basi ni hiyo. Ni umri. Mama yangu naye alichemka hivyo hivyo, analala kwenye saruji, anagombana na kila mtu. Ikaisha."

Alinisikiliza mpaka mwisho, akiukata uzi kwa meno.

"Na mama yako polio ilimkamata?"

"Hapana."

"Basi," akasema.

Niliendelea kubishana naye. Nikamwambia apime mbele yangu. Akazungusha kamba. Fundo lilipita mahali pake kwa upana wa vidole viwili. Tulilitazama wote wawili.

"Umeivuta sana," nikasema.

"Miaka yote hii napima watu," akasema polepole, "leo ndiyo nimeanza kuvuta?"

Usifikiri alikuwa amekaa tu na hofu yake. Alikuwa ameipeleka kila mahali mtu anapopeleka kitu kama hicho, na alinisimulia kwa sauti aliyotumia kusimulia visa vya wateja, kana kwamba vilimpata mwingine.

Katika zahanati moja ambayo hakutaka kuitaja, nesi kijana alimuuliza maswali, na walipofika penye hedhi akaliangalia lile gongo. "Mama, na wewe huwa unapataga mwezi?"

"Wewe unapata?"

"Ndiyo."

"Mimi nilipata mbele wewe hujazaliwa," Fundi akamwambia.

Nesi akaona aibu, na kwa sababu ya aibu akaacha kuuliza. Akampa vidonge vya malaria.

Kisha akasikia kanisani kwamba kina mama wa parokia wamealika mkunga mstaafu aje kuzungumza juu ya umri wa kukoma hedhi. Alivaa gauni la kijani, lile la Pasaka, akaenda. Mazungumzo yalikuwa ghorofani. Ngazi ilikuwa nyembamba, haina pa kushika, na mbele ya watu hakutaka kupanda kwa makalio. Akakaa chini ya dirisha. Maneno hayakufika. Kilichofika kilikuwa kicheko: wanawake wa rika lake wakicheka pamoja juu ya jambo lililokuwa linamtokea yeye, tena na tena, kama mvua juu ya bati. Mmoja wao akashuka kuchukua soda, akamkuta pale.

"Fundi, pole kungoja. Umeleta nguo ya nani?"

"Nikamwambia ya mwenyekiti wenu," alinisimulia. "Ningesema nini? Akaniletea soda. Nilikunywa."

Alikuwa pia katika kikundi cha watu wenye ulemavu, na huko aliheshimiwa. Walikuwa wanajadili njia ya kuingilia benki na viti vya magurudumu. Alisimama, jambo lililomgharimu, akasema kuna ugonjwa wa joto unaokamata wanawake wazima, na sisi wengine tunauogopa zaidi kwa sababu ya tuliyoyaona. Mwenyekiti wa kikundi, mtu mpole mwenye mkono mmoja, akasema hayo ni mambo ya akina mama, ayapeleke kwa akina mama. Baada ya mkutano mama mmoja wa kikundi, bubu, akamshika bega, akajigusa kifua na kupepea vidole kuelekea juu, mara mbili. Fundi hakuelewa. Alielewa usiku, kitandani, joto lilipompanda, na wiki iliyofuata alipomtafuta akaambiwa amehamia kwa mwanawe Kampala.

"Wanawake wanasema peleka kwa walemavu, walemavu wanasema peleka kwa wanawake," aliniambia. "Mimi iko wapi? Mimi iko kwa ngazi."

Hofu ilimbadilisha. Alianza kukosea. Alishona mkono wa kushoto mahali pa kulia, jambo ambalo sikuwa nimewahi kumwona akifanya. Alimlilia mteja aliyekuja kuchukua tu suruali, akalia kwa sauti, kisha akamfukuza kwa sababu alimwona akilia. Alikula kidogo. Jirani akimletea enyasa, ule ugali wa muhogo, na majani ya kunde alimega tonge moja, akalibonyeza kati ya vidole mpaka likapoa, akalirudisha kwenye sahani. Aliniuliza, kwa utulivu ulionitisha, kama najua watu ambao miguu yao yote miwili imekufa hukaa kwa nani. Hakuwa na ndugu pale. Kodi ya baraza, chakula, mshumaa wa kanisani, vyote vilipita kwenye mguu ule. "Ikienda hii," alisema, "mimi siyo Fundi. Mimi ni mzigo ya nani?"

Wakati huo nilikuwa nanunua karanga Lobule, karibu na Koboko, nikilala nyumbani kwa mama mmoja kipofu, Mwislamu, mjane wa askari wa zamani, aliyesokota kamba za kufungia mbuzi. Alikuwa mtu mzima kuliko Fundi kwa miaka sita au saba. Jioni moja nilipomsimulia habari za Fundi bila kumtaja, alicheka mpaka akaacha kusokota.

"Mimi hiyo joto iliponikamata," alisema, "nilifikiri watu wamewasha moto karibu na mimi. Sioni, si unajua. Nikatafuta moto na mikono. Nikazunguka nyumba yote hivi, nauliza, nani amewasha moto, nani amewasha moto. Watoto wakasema nyanya amerukwa akili. Nikaogopa kulala miaka miwili, bana. Kipofu na moto."

Kisha hakucheka tena. "Mwambie mutu yako aje," akasema. "Mwambie mimi natafuta moto bado, mara moja moja."

Nilirudi Ediofe na habari hiyo nikakimbia nayo kama barua. Fundi alinisikiliza, na kwa mara ya kwanza kwa miezi mingi nilimwona akitaka kujua jambo.

"Kipofu kabisa?"

"Kabisa."

"Na iko na akili?"

"Kukushinda."

Akafikiri. "Nani atanipeleka? Mimi siwezi kukaa kwa boda mpaka kule peke yangu. Hii ikinikamata njiani nitaachia mikono."

"Nitakupeleka mimi. Ijumaa. Nitakodi gari, tukae wote nyuma."

"Ijumaa hii?"

"Ijumaa hii."

Jumatano nikapigiwa simu kwamba kuna marobota ya mitumba ng'ambo ya mpaka upande wa Kongo, mazuri, lakini lazima mtu afike leo. Nikafikiri nitarudi Alhamisi. Alhamisi mtu akaniambia habari za soko jingine mbele zaidi. Siku zote ndivyo ninavyosafiri: mahali palipo mbele huniita kwa jina, na mahali nilipopaacha hukaa kimya, panangoja nipakumbuke. Ijumaa nilikuwa barabarani, nikiangalia upande mwingine kabisa. Nilimkumbuka. Nilimpigia simu mara mbili, haikuita. Nikasema nitampelekea kitenge.

Nilirudi baada ya miezi minne. Kwenye baraza alikaa kijana anayetengeneza simu. Misumari ilikuwa bado ukutani, haina kitu. Mama wa duka la karibu ndiye aliyenieleza. Ijumaa ile Fundi alifunga cherehani kwa turubai tangu asubuhi. Alivaa lile gauni la kijani. Alikaa kwenye benchi na mfuko magotini, na wateja walipokuja aliwaambia leo hafanyi kazi, anasafiri. Kengele ya saa sita ikagonga, ya jioni ikagonga. Mama yule alimwambia aingie ndani, jua limekwisha.

"Akaniambia, 'Yeye ni mtu wa njia, atakuwa njiani,'" alisema. "Akasema hivyo mara mbili."

Wiki iliyofuata alijiitia boda mwenyewe. Alimwambia dereva wamfunge naye kiunoni kwa kanga, kama anavyofungwa mtoto mgongoni, gongo likafungwa ubavuni, wakaondoka. Baadaye lori likaja kuchukua cherehani.

Sikwenda kumtafuta. Ningependa kusema kwamba sikujua mahali alipo, lakini nilijua vizuri sana. Kwa karibu miaka miwili nilipita Koboko bila kulala, na karanga nikanunua kwingine.

Kisha mwaka huu mwili wangu nao ukaanza. Mara ya kwanza nilikuwa nimesimama kwenye mzani wa mizigo, asubuhi, kuna ubaridi. Joto likanipanda kifuani kama mtu ananimiminia chai kwa ndani. Mimi nilijua ni nini. Nilikuwa na jibu langu lile lile mfukoni. Halikunisaidia. Nilikuwa naamka nimelowa katika nyumba za wageni, na chumba nisichokijua kilikuwa kinanitazama, na nilitamani kufa bila sababu yoyote ninayoweza kuitaja. Sikumwambia mtu. Sikuwa na mtu aliyenijua zaidi ya wiki moja mfululizo. Nilikuwa na wateja, madereva na namba za simu.

Siku moja niliposhushwa Koboko kungoja pikapu ya kwenda Oraba mpakani, niliisikia cherehani kabla ya kuiona. Haikuwa sauti ya pedali. Ilikuwa ya mkono, na ilikwenda kwa namna ya ajabu, mbio, kimya, mbio, kama watu wawili wanaobishana. Nikaifuata mpaka nyuma ya duka la mbegu.

Walikuwa wamekaa kwenye benchi moja, begani kwa bega. Mama kipofu wa Lobule alikuwa ameshika mpini wa gurudumu. Fundi alikuwa ameshika kitambaa kwa mikono yote miwili.

"Enda," Fundi akasema, na mpini ukazunguka. "Enda, enda. Simama. Pole pole. Enda."

Miguu yake yote miwili ilikuwa imelazwa upande mmoja, juu ya gunia. Ilikuwa inakaribia kufanana. Gongo sikuliona. Niliona kiti cha magurudumu cha kusukuma kwa mkono, kimeegemezwa ukutani, na kando yake kamba fupi yenye fundo moja.

Aliniona. Hakushtuka wala hakutabasamu. Alimaliza mstari.

"Kumbe iko hai," akasema.

"Niko hai, Fundi. Shikamoo, mama," nikamwambia na yule mwingine.

"Marahaba. Huyu ni wa karanga," kipofu akasema. "Nasikia miguu yake. Haijui kusimama."

Nilianza kuomba radhi. Nilikuwa nimeyapanga maneno yale miaka miwili. Fundi akainua mkono kama anavyomzuia mteja anayejieleza kwa nini amenenepa.

"Ilikwenda," akasema akiuonyesha mguu kwa kidevu. "Wewe uliniambia nimevuta kamba. Sikuvuta. Daktari mmoja alikuja hapa, akaniambia mguu iliyofanya kazi ya miguu miwili inachoka mbele ya wakati. Joto ni kitu nyingine, mguu ni kitu nyingine, zimekutana tu. Ningejua hiyo mapema ningelia kidogo."

"Bado unapima?"

"Napima nini? Iko pale naiona."

Nikaangalia ukuta. Kamba za wateja zilikuwepo, nyingi mpya. Nilitafuta yangu, kama mtu anavyotafuta sura yake katika picha ya shule. Fundi alinifuata kwa macho.

"Usitafute," akasema. "Nilifungua. Jumamosi ile."

Pikapu ikapiga honi barabarani. Mizigo yangu yote ilikuwa ndani. Nikasema nitapita wakati wa kurudi. Nilisikia sauti yangu ikisema, "Ijumaa," na nikaona uso wa Fundi ukifungwa kama dirisha la duka.

"Sawa," akasema. "Dada, enda."

Mpini ukazunguka. Haukufika mbali. Kipofu alikuwa ameusimamisha mwenyewe, bila kuambiwa, akageuza kichwa.

"Imekuja?" akauliza. Aliuliza kama watu wanavyouliza kuhusu mvua.

"Haiko kwangu," Fundi akasema.

"Na kwangu haiko. Lakini nasikia mutu anapumua."

Joto lilikuwa limenipanda mpaka masikioni. Nilikuwa nimeshika nguzo, maji yananitiririka mgongoni, na ile hofu isiyo na jina ilikuwa imenishika katikati ya mchana, mbele ya watu, na mbegu za mahindi zimeanikwa miguuni pangu. Fundi alinitazama. Alinitazama kwa muda mrefu, usoni, kama alivyokuwa akiwatazama wateja kabla ya kunyoosha mkono nyuma.

"Toka lini?" akauliza.

"Toka Februari."

"Umemwambia nani?"

Nikatikisa kichwa.

"Ni yeye," Fundi akamwambia mwenzake.

Kipofu akasogea. Akapigapiga benchi kwa kiganja, mahali palipobaki, padogo. "Kaa basi. Hii kitu haipendi mutu akisimama."

Nikakaa. Fundi akachukua kipande cha boksi alichokatia kola, akaanza kunipepea, si kwa upole, kwa kazi. Mwenzake alinishika kifundo cha mkono, akakishika tu, kama alivyokuwa ameshika mpini. Hakuna aliyeniambia ni umri, wala kwamba itaisha.

"Yako imechukua miaka mingapi?" nikamuuliza Fundi.

"Yangu bado."

Honi ikapigwa tena, ndefu. Kipofu akalegeza vidole, kuniachia kama nataka. Fundi aliendelea kupepea, akitazama kitambaa chake. Dereva akaita mara moja, akatukana, kisha nikasikia gari likiondoka, likibadilisha gia kwenye mteremko.

"Mizigo yako imekwenda," kipofu akasema.

"Imekwenda."

Fundi akaweka boksi chini. Akaingiza mkono kwenye mfuko wa katani, akatoa uzi mpya, akaunyoosha kati ya mikono yake na kuukata kwa meno. Lakini hakunizungushia.

"Siyo sasa," akasema. "Kwanza ikuache. Nikikupima hivi nitapima homa."

Akauweka uzi magotini, hauna fundo hata moja, tukangoja.